Mizigo Weka Mbele

Gerezani, Ukonga
4 Machi 2024

Mtani wangu Kasiani,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana Mhehe haumwi, hukasirika tu. Mimi nipo. Tunaamka, tunahesabiwa, tunalima mchicha, tunahesabiwa tena. Tumbo limeshikana na mgongo, lakini miguu bado ni ya mpanda baiskeli.

Sitakuzungusha. Ameletwa wakili wa msaada, mama mmoja anaitwa Editha, kazi yake kuangalia kesi za watu kama sisi tusio na kitu. Amesoma jalada langu akauliza swali ambalo mahakamani hakuna aliyelikazania: siku ile stoo ya vipuri Vingunguti inavunjwa, wewe mtunza stoo ulikuwa wapi? Nikamwambia nilikuwa Bagamoyo kwa baiskeli na mtani wangu Kasiani. Tulitoka Madale alfajiri, tukarudi jioni. Akaweka kalamu chini. Akasema huyo Kasiani akikubali kuja kuapa, ataomba asikilizwe kwenye rufaa, na hii miaka mitano yangu inaweza kuishia hapo.

Wakati wa kesi uliniambia nisubiri kidogo, mambo yakae sawa. Nimesubiri mpaka nimeota mvi kwenye ndevu. Hakuna mwingine aliyekuwa nami siku ile. Njoo tu useme tulikuwa wapi, basi.

Bila utani, ukichelewa nitakutoza ng'ombe wawili na shangazi mmoja. Msalimie shemeji Demetria. Baiskeli yangu ifute vumbi, usiipande. Na mdogo wangu Fransis akija kukuomba, mfukuze. Nilishamwambia haigusi mpaka amalize chuo cha ufundi. Nataka mmoja wetu awe mtu.

Mtani wako,
Gervas


Madale
21 Machi 2024

Mfungwa mtukufu, Mngoni wa Ukonga,

Barua nimeipata na nimecheka hiyo ya mchicha. Kizazi kilichotoka Afrika Kusini kwa miguu, kikipiga watu njia nzima hadi Songea, leo kinahesabiwa asubuhi na jioni kisitoroke! Babu zako wakisikia watakufa mara ya pili.

Hilo la wakili nimelielewa. Ni jambo la kukaa na kulitafakari, haraka haraka haina baraka. Tutaliongea.

Mimi nina langu. Baiskeli yako inaning'inia ukutani kwangu tangu ulivyokamatwa, Demetria anaanikia vitenge. Nimeona ni dhambi. Nataka niishushe, niifunge mizigo, nisafiri nayo. Siyo Bagamoyo na kurudi. Nataka Morogoro, Mikumi, nipande Kitonga, nifike kwetu Iringa, na nikijaliwa nisonge Njombe hadi kwenu. Nimeshapata mabegi manne yasiyoingiza maji, mawili makubwa mawili madogo. Kuna hema, sufuria, jiko, maji na vipuri. Ukijumlisha ni nusu gunia la mahindi.

Shida ni kwamba hii ni baiskeli ya mbio, haikuzaliwa kubeba. Fremu haina hata tundu moja la kufungia keria. Nimeipeleka Vingunguti kwa yule fundi anayewaimarishia wauza mkaa, anayechomelea nondo kila upande baiskeli ikabeba magunia kutoka Kisarawe. Aliigonga kwa kucha akasema, "Braza, hii plastiki. Nikiweka moto hapa unarudi home na majivu." Kijiwe kizima kikanicheka. Sasa wewe ndiye unayeijua. Nielekeze.

Asubuhi hizi hewa ya Madale ni tamu, mtani. Mvua imenyesha, vilima vyote vimeoga, na barabara ya kwenda Tegeta inang'aa. Ningekuchotea kidogo kwenye chupa nikuletee.

Mtani wako asiyehesabiwa,
Kasiani


Gerezani, Ukonga
2 Aprili 2024

Mtani,

Hewa ya Madale kaa nayo. Nimeomba neno lako mbele ya hakimu, wewe unaniletea habari za hewa.

Lakini baiskeli sina ugomvi nayo, kwa hiyo nitakuelekeza. Fremu ni ya kaboni, fundi yule kasema kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake, isipelekwe kwenye moto. Tafuta keria ya kubana kwa vibano vyenye mpira ndani, funga nyuma. Tairi zile nyembamba zitoe, weka pana kadiri zitakavyopita bila kugusa. Giya za nyuma badilisha, weka meno makubwa, usipofanya hivyo Kitonga utaisukuma ukilia jina la mama yako. Ringi ya nyuma ina spoku ishirini tu, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mwembamba mwenye haraka. Tafuta yenye spoku thelathini na sita. Mzigo wote weka nyuma, chini, pande zote sawa. Mbele usiweke kitu zaidi ya koti la mvua.

Kuna jambo kuhusu hapo mbele sijakueleza. Nitakueleza ana kwa ana siku utakayokuja na mama Editha. Usiondoke kabla ya siku hiyo.

Bila utani, ukipita Mikumi simba wakikuona watakimbia, watajua Mhehe mla mbwa kaingia mbugani na wao si mbali na ukoo huo.

Sasa nijibu kwa neno moja. Utakuja kuapa, au huji?

Gervas


Madale
20 Aprili 2024

Mtani wangu,

Umenibana, basi sikia.

Siku ile nilidanganya kazini. Nilimwambia bosi nina malaria nimelazwa, na vyeti vya kuonyesha nikavitafuta. Nikisimama mahakamani nikaapa kwamba nilikuwa njia ya Bagamoyo nakanyaga baiskeli, jua halizami bado nina kazi. Nina watoto wawili shuleni. Nyumba haijapigwa lipu. Demetria ana mimba. Wewe huna mke, huna mtoto, huna hata kuku. Na usikasirike nikisema hivi, lakini jela umeshaizoea. Mimi nikitupwa nje ya kazi leo ndiyo kwanza nianze kuzoea. Maji umeshayavulia nguo, mtani, yaoge tu.

Kwa hiyo siji. Nimeona heri nikuambie kuliko kukuzungusha kama ulivyosema. Mwambie huyo mama akutafutie njia nyingine, wanasheria hawakosi njia.

Sasa turudi kwenye baiskeli. Tairi nimebadilisha, giya nimebadilisha, imekuwa na meno ya nyuma kama sahani. Ila ringi ya nyuma ya aina hiyo Kariakoo nzima hakuna, nimezunguka mpaka wenye maduka wananiita kwa jina. Zile spoku ishirini ndizo zitakazokwenda. Mzigo wote ukikaa juu yake itakuwaje? Na hilo jambo la mbele ni lipi? Baiskeli ni nzima au siyo nzima? Niambie tu kwa barua, kuja Ukonga sitaweza, si unajua kazi.

Kasiani


Gerezani, Ukonga
3 Mei 2024

Mtani wangu mla mbwa,

Nimekusoma. Nimesoma mara moja tu na imetosha. Mama Editha alipokuja nilimwambia shahidi hayupo. Alikusanya karatasi zake. Kila mtu ana roho yake, na yako nimeiona.

Unauliza kama baiskeli ni nzima. Bila utani: foko ina ufa, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Ukifika kwenye mteremko wa maana itakatika, utaruka kama kuku aliyetupwa juu ya ua, na meno yako yatafika Songea kabla yako. Nitaomba ruhusa nije msibani. Nitavaa viatu vyako, nitaiga unavyotembea kwa matako, nitalala ndani ya kaburi lako na sitatoka mpaka Demetria anipe jogoo. Msiba wa Mhehe bila Mngoni haujanoga.

Haya, mchezo basi. Sasa nakuambia mambo ya kazi, yashike.

Nimefikiri upya habari ya mizigo. Kama ringi haikupatikana, nyuma hapafai, spoku zile zitakatika kabla hujaiona Chalinze. Mizigo weka mbele. Yale mabegi makubwa mawili yote yakae mbele, chini, sawa kwa sawa. Keria ya mbele ibane kwenye foko yenyewe, kaza vibano mpaka mkono ukuume, kisha zungushia mipira ya tyubu. Hapo juu, chini kidogo ya usukani, utakuta nimezungushia utepe mweusi. Usiutoe, unazuia maji. Kwenye miteremko usiogope na usishike breki ovyo, mzigo wa mbele unaituliza baiskeli. Iachie iende.

Hilo ndilo jambo la mbele nililotaka kukuambia. Safari njema. Nakutakia kwa moyo wangu wote.

Gervas


Madale
30 Mei 2024

Fransis mdogo wangu,

Huyu kijana wa guta anakuletea baiskeli hapo Tandika, na kikaratasi hiki nimekitia kwenye begi la mbele ukikute wewe. Ikague, utafurahi. Nimeifunga kama kaka yako alivyoelekeza, neno kwa neno. Mabegi mazito mbele, mepesi nyuma. Vibano nimekaza mwenyewe mpaka kiganja kimetoa malengelenge. Ule utepe mweusi juu ya foko usiutoe, kasema unazuia maji.

Siri yetu ipo. Bado anaamini ni mimi ninayesafiri. Nimemwandikia hivyo tangu mwanzo kama ulivyoniomba, maana akijua umeacha chuo na unaipanda baiskeli yake atapasuka. Utamwambia mwenyewe ukishafika Iringa, kazi ikiwa imeshika. Mtu akishapata kazi ya kuongoza wageni hadi Songea, hata kaka mkali atanyamaza.

Usishangae ukisikia mahali foko ina ufa. Ndiyo salamu zake kwangu. Kaandika itakatika kwenye mteremko niruke kama kuku, halafu aje alale kaburini kwangu adai jogoo. Nilicheka mpaka Demetria akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kifungo hakijamuua ulimi, huyo ni Mngoni kamili. Alipomaliza kunitania ndipo akaanza kueleza kazi, na hapo utamjua ni fundi.

Kuna kitu alinitaka, Fransis, sikuweza kumpa. Usiniulize. Nimeona angalau mdogo wake asikose kazi kwa kukosa baiskeli. Ukifika mwambie mama yenu kwamba Kasiani anamsalimu.

Kaka yako,
Kasiani


Iringa
11 Juni 2024

Shikamoo braza,

Kwanza kaa chini. Umekaa? Haya. Baiskeli yako ninayo mie. Siyo braza Kasi anayesafiri, ni mie Fransis, na muda huu nakuandikia niko Iringa mjini, miguu inaniwaka moto, nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Usikasirike. Chuo niliacha mwaka jana, ada ilikata ulivyoingia ndani, na sikutaka kukuongezea presha. Nikakaa Tandika nabeba mizigo sokoni. Halafu nikapata hii ishu: wazungu wanne wanatembea Tanzania kwa baiskeli zao, wanatafuta mtu wa hapa anayejua njia ya kusini, ana lugha, na ana baiskeli ya maana. Vyote ninavyo ila baiskeli. Braza Kasi ndiye aliyeniokoa. Nilimwomba asikuambie, akakubali kuigiza kwamba anasafiri yeye, na maelekezo yako yote akaniwekea. Kwa hiyo usimlaumu, nilaumu mie.

Kaka, wewe ni noma. Mbele ni kuzito kama nasukuma toroli la mchanga, mwanzoni mikono ilikufa ganzi, lakini baiskeli imetulia. Wazungu wenyewe waliishangaa, mmoja kapiga picha vibano vyote. Nikawaambia fundi ni kaka yangu. Sikuwaambia yuko wapi. Kitonga nimepanda bila kuweka mguu chini hata mara moja, madereva wa malori wananipigia honi. Nilimpigia Mama nikamwambia Gervas ndiye aliyesema mizigo ikae mbele, anaongoza hadi akiwa huko. Mama kalia kwenye simu, kasema Mungu amembakizia mtoto mwenye akili.

Kuna kimlio kidogo mbele, kri kri, nikikanyaga sana. Nadhani ni kibano. Nimekikaza.

Wageni wanakwenda Ruaha kwa gari kuona tembo, mie napumzika hapa nawasubiri. Tukitoka hapo ni Makambako, Njombe, tunashuka Lukumburu, tunalala nyumbani. Mama nimembebea sukari, kitenge na redio, vyote viko kwenye begi la mbele. Nikirudi Dar na hela yangu ya kwanza nakuja kukuona. Nitakuletea sabuni na mafuta ya kupaka.

Nakupenda braza. Najua hatuambianagi hivyo.

Mdogo wako,
Fransis


Gerezani, Ukonga
17 Juni 2024

Kasiani,

Msimamishe Fransis. Ukimaliza kusoma mstari huu mpigie simu kabla hujaendelea.

Foko ina ufa. Sikutanii. Safari hii ni kweli, narudia, ni kweli. Asiteremke na ile baiskeli hata kilima cha mtoto. Ashushe mabegi yote ya mbele sasa hivi, aiache hapo alipo, hata aitupe, apande gari. Lukumburu asiishuke. Nakuomba kwa jina la Mungu, kwa hiyo mimba ya Demetria, kwa chochote unachokiamini.

Usiniulize nimejuaje. Ningeomba kupiga simu ofisini hapa, lakini huko nitatakiwa nieleze, na mambo mengine hayaelezeki. Naandika haraka, kuna mtu anatoka leo kaahidi kuitia posta yeye mwenyewe.

Mpigie. Mtani wangu, ndugu yangu, mpigie.

Gervas


Madale
19 Julai 2024

Gervas Haule,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa kwenu.

Habari ya kifo najua padri wa magereza alikufikishia. Yaliyobaki hakuwa nayo, na mimi ndiye ninayeyajua.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Fransis alikuwa Njombe. Nilimpigia palepale kama ulivyosema. Nikamwambia, sikia kaka yako alivyoandika, nikaweka spika Demetria naye asikie, nikasoma yote. Nilipofika kwenye "sikutanii" tulicheka wote watatu. Fransis alicheka mpaka akakohoa. Nilimwambia kaka yako ana wivu, amegundua umempiku, sasa anataka upande gari. Mwezi mmoja uliopita kasema mizigo mbele ndiyo salama, leo mbele ni kifo. Fransis akasema, "Braza Gervas bwana, hata jela haijambadilisha." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Jumamosi saa nane mchana foko ilikatika Lukumburu, kwenye kona ya tatu. Wale wageni walikuwa nyuma yake. Waliniambia hakushika breki, aliiachia kama alivyofundishwa. Aliangukia kichwa. Walimfunika kwa hema lake mpaka gari lilipopatikana.

Nilikwenda kijijini kwenu Gumbiro kuzika. Katika msiba ule Mhehe nilikuwa peke yangu, na wazee walikuwa wananingojea. Shangazi yako Auleria alinishika mkono akanipeleka kaburini, akasema, "Mtani, tuchekeshe, tumechoka kulia." Mila naijua kama unavyoijua wewe. Nikalala chini pembeni ya shimo kama inavyotakiwa. Watu wakatulia, wakasubiri nimtukane marehemu, nidai jogoo. Hakuna kilichotoka. Nililala pale mpaka wakanivuta miguu. Wakadhani huo ndio utani wenyewe, wengine wakacheka.

Mama yako aliniuliza nani alifunga ile mizigo. Nikasema mimi. Hakunitukana. Akasema, "Gervas angekuwa nje, mwanangu asingekufa." Amerudia hilo kwa kila anayeingia kutoa pole.

Wageni walinikabidhi baiskeli. Nimeubandua ule utepe. Ufa si wa mwezi uliopita. Umejaa vumbi la zamani, na juu yake ulipaka gundi ukaisugua kwa msasa. Nikakaa nayo uani nikaikumbuka Mapinga. Siku ile tunatoka Bagamoyo uliingia kwenye shimo kwa kasi. Ulishuka, ukapiga magoti, ukaitazama foko muda mrefu. Nilikuuliza, ukasema mkwaruzo. Tukarudi polepole na wewe hujawahi kurudi polepole. Ungeniambia hata kwa sentensi moja ambayo haina kuku wala jogoo. Unajua vizuri kwamba Mhehe akiambiwa na Mngoni kwamba atakufa, anacheka. Ulinipa ukweli mahali ambapo nisingeuamini, na uongo ukauandika kwa utaratibu, na vipimo vyake.

Ulitaka nife mimi. Sijui kama nina haki ya kukasirika, kwa sababu nilikuacha uozee humo kwa ajili ya mshahara. Lakini nimekasirika. Siku ile ulipogundua ni Fransis, simu ilikuwa hatua chache kutoka ulipoketi. Askari wangempigia, na kwa askari asingecheka. Uliogopa kuulizwa. Hata mimi niliogopa kuulizwa, ndiyo maana uko hapo. Tumefanana kuliko tulivyodhani.

Sasa sikiliza nilichokuja kukuambia. Kazi nimeiacha. Nilikwenda kwa bosi mwenyewe nikamwambia sikuwa na malaria, hakunisubiri nimalize. Kwa hiyo sina cha kulinda tena. Nimemtafuta mama Editha, amefurahi, anasema bado inawezekana. Niko tayari kuja kuapa.

Ila nitaapa kusema ukweli, na nikianza sitausimamisha katikati. Watauliza nitajuaje kwamba ilikuwa siku ile na si nyingine. Vile vyeti vya malaria vinasema nilikuwa nimelazwa, kwa hiyo jibu nililonalo ni moja: ndiyo siku uliyoingia shimoni Mapinga, ukaipasua foko, ukaificha kwa utepe. Foko ninayo, nitakuja nayo. Ndiyo ushahidi wako, hakuna mwingine. Mama yako ameshasema atakuja Dar siku hiyo, anakodisha shamba la mpunga apate nauli, anataka aketi mbele akuone ukitoka. Na yeye anajua nani alisema mizigo ikae mbele. Fransis alimwambia kwa simu akiwa Iringa, na amekuwa akijisifu nalo kijiji kizima. Hatahitaji mtu wa kumjumlishia.

Nikisema, unatoka. Mama Editha hana wasiwasi wowote. Anataka neno lako kabla hajapeleka maombi, na mimi nalitaka pia. Lile swali uliloniuliza Aprili nakurudishia. Nije, au nisije?

Kasiani


Gerezani, Ukonga
26 Julai 2024

Kasiani,

Usije.

Mwambie wakili nilikumbuka vibaya, siku ile hatukuwa pamoja. Nitaweka saini akitaka. Mama mwambie asikodishe shamba. Mwambie baiskeli ilikuwa nzima na mizigo ilifungwa vizuri, ni barabara tu.

Nimebakiza miaka mitatu na miezi kadhaa. Nitaimaliza.

Gervas